Siku Shaba Alipouimba Wimbo Wangu

Mheshimiwa mgeni rasmi. Mwenyekiti wa chama chetu cha wanamuziki. Wazee wetu mliokuwa mkipiga muziki hata kabla ukumbi huu haujaezekwa. Ndugu wageni waalikwa. Vijana wa bendi mliojibanza kule nyuma karibu na mlango wa jikoni. Na wewe mwenyewe, Shaba, unayeangalia chini kana kwamba sherehe hii ni ya mtu mwingine: nawasalimu nyote kwa heshima na kwa furaha.

Naomba mnivumilie. Sauti mnayoisikia ndiyo niliyo nayo, na fundi mitambo amenihakikishia kwamba spika zake ni nzima. Wenye umri wangu mnanikumbuka kwa jina la Chiriku, na mnajua kwamba enzi zile kipaza sauti nilikishika kwa madaha tu. Ninyi wadogo, mtaniamini.

Leo Shaba anashuka jukwaani, nami nimepewa heshima ya kumuaga. Najua wapo wanaonong'ona: hawa si ndio walikuwa hawasalimiani? Si bendi zao zilikuwa zikipiga mtaa mmoja, na mashabiki wao wakikunjana mashati njiani? Ni kweli kabisa. Alipovaa gauni jekundu, mimi nilishona jekundu zaidi.

Kisha nikaota uvimbe shingoni. Daktari alinieleza mapema, bila kunificha, kwamba mshipa wa sauti umepita jirani mno na uvimbe ule. Nikachagua kuishi, nikakubali kupasuliwa. Nilipozinduka, nikajaribu kumwita muuguzi, ikatoka hewa tupu. Bendi yangu ilikuja kunipa pole, ikanililia, halafu ikatafuta mwimbaji mwingine. Siwalaumu, nao wana watoto.

Ndipo siku moja mlango ukabishwa. Nafungua, namwona Shaba, mkononi ana mfuko wa machungwa.

Nikamnong'oneza, "Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kuomba, dada. Nataka kuurekodi ule wimbo wako wa kiti."

Nilimfungia mlango usoni. Machungwa aliyaacha kizingitini, nami niliyala yote.

Ndugu zangu, mnaujua wimbo wenyewe: Kiti Chako Kipo. Mliucheza kwenye harusi zenu, mkazungusha viuno mpaka jasho. Wimbo huo ulikuwa kitu pekee nilichobakiwa nacho. Sasa na huo anautaka?

Shaba alirudi wiki iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Hakuutaja tena wimbo. Alikaa jikoni kwangu, akamenya viazi, akaniambia habari za mjini, na kwa kuwa mimi sikuweza kupaza sauti kumkatiza, kwa mara ya kwanza maishani alipata nafasi ya kumaliza sentensi. Kisha siku moja, kisu mkononi, akauliza: "Dada, hivi ule wimbo ulimtungia nani?"

Mheshimiwa mgeni rasmi, miaka yote ile niliyouimba, hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Si mpiga gitaa wangu, si mtangazaji, si shabiki. Nilikaa chini, nikamweleza kwa mnong'ono wangu. Nilimtungia mdogo wangu wa kiume. Baba yetu alikuwa seremala, naye kijana alikataa useremala. Wakarushiana maneno mazito, akaondoka, na asirudi. Baba hakumtaja tena. Lakini kiti chake pale mezani, ole wake mgeni aliyekikalia! Mzee alikuwa akikohoa mpaka mtu anahama mwenyewe.

"Sasa mbona mliuimba mbiombio vile?" Shaba akauliza.

"Kiongozi wa bendi alisema watu wanakuja kucheza, hawaji kulia."

Akaendelea kumenya viazi. Ni mimi niliyesema, "Nenda karekodi. Ila nitakuwepo."

Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mafundi cherehani, kuta zimebandikwa magodoro chakavu. Kila wakati wa kurekodi, fundi mitambo alikuwa akigonga ukuta ili cherehani zinyamaze. Shaba alinikalisha mbele yake. Tarumbeta aliziacha nje. Akabaki na gitaa moja. Akaanza kuimba polepole, kama mtu anayezungumza na mwenzake mezani. Akikosea maana nilitikisa kichwa, naye, mwimbaji mkubwa vile, alirudia bila kununa. Tulipofika ubeti wa pili nikagundua kwamba cherehani zimenyamaza, na ukuta haujagongwa.

Mwishoni akanisogezea kipaza sauti. "Mstari wa mwisho ni wako."

"Sauti gani niliyo nayo?"

"Hiyo hiyo."

Nikasema maneno yale matatu, kwa mkwaruzo huu mnaousikia: kiti chako kipo.

Wimbo ulipotoka, mtangazaji mmoja wa redio aliutambulisha kuwa wimbo mpya wa Shaba. Shaba alikuwa mle mle studioni. Akamkatiza, watu wakisikiliza: "Samahani kaka. Wimbo ni wa Chiriku. Mimi nimeuazima tu, na yeye yupo, ni mzima, mwiteni." Niulizeni ni wangapi wangefanya hivyo, na wimbo umeshapendwa!

Na mbali huko, kwa kinyozi, mdogo wangu alikuwa amekaa kichwa kimenyolewa upande mmoja. Wimbo wa zamani aliujua. Aliwahi kuusikia ukichezwa kwa shangwe, akadhani dada yake anamfanyia mzaha mbele ya dunia. Safari hii akausikia hadi mwisho, akaisikia ile sauti, akajua ni mimi na kwamba nimepatwa na jambo. Alisimama vile vile, kitambaa shingoni, akamwomba kinyozi simu anipigie.

Alikuja kabla ya mwezi kuisha. Baba alikuwa karakanani. Akamtazama mwanawe juu mpaka chini, nami nikasogea niingie kati, maana mzee yule nilimjua. Akasema, "Kile kiti chako mguu umelegea. Njoo unishikie nikikaze." Wakainama pamoja juu ya kile kiti, na gundi, na nyundo, na nilipowachungulia tena walikuwa wanabishana kuhusu msumari. Waliishi wakibishana hivyo mpaka mzee alipotutoka, na alitutoka mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe.

Shaba, mimi nilikuwa nimetunga maneno, wewe uliyafikisha. Nashukuru. Mama yangu anashukuru. Mdogo wangu, yule pale meza ya tatu anayejifanya anafunga kamba ya kiatu, anashukuru.

Vijana, rekodini nyimbo za wenzenu. Msione aibu. Ila bisheni hodi kwanza, ulizeni wimbo ulitungiwa nani, na mkiulizwa ni wa nani, semeni. Yupo binti mmoja kati yenu anayetaka kuimba wimbo wa Shaba, na mwezi mzima anaogopa kumwomba. Binti, simama. Mwombe leo, sisi wote ni mashahidi.

Nawe dada yangu, umetuimbia vya kutosha. Sasa kaa nyumbani, miguu juu, uwasikilize wengine wakikuimba. Utashangaa kuyasikia mambo uliyokuwa unayasema miaka yote hii.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Asanteni sana.