Mama Hapana Aweka Kalamu Chini

Ijumaa tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, Mkuu wa Idara ya Uteuzi wa Waigizaji atakabidhi funguo za kabati lake na kutoka getini akiwa mstaafu. Ametimiza miaka sitini, na thelathini na sita kati ya hiyo ameitumia katika chumba kimoja, ghorofa ya kwanza, mlango wa tatu baada ya ngazi. Kwenye mafaili ya utumishi ana jina lake kamili. Sisi wengine wote, kuanzia mlinzi hadi mwenyekiti, tunamwita Mama Hapana, naye huitika.

Uongozi umeniomba niandike wasifu huu kwa sababu nimekaa naye chumba hicho miaka kumi na tisa, mimi nyuma ya kamera, yeye nyuma ya meza. Nimeambiwa uwe mfupi na wa kuchangamsha. Mfupi nitajaribu. Mwenyewe alinionya nisimmwagie sifa, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na yeye bado ana siku nne za kazi ambazo hataki kuziharibu.

Alianza hapa kama karani wa kadi. Kwa wageni waliokuja kumuaga pamoja nasi: kila anayefika mbele yetu kuimba au kuigiza huandikiwa kadi yenye nambari yake, umri, nafasi anayoiomba na simu yake, na chini kabisa kuna mstari mmoja wa uamuzi. Alipofika, mistari mingi ilikuwa mitupu. Mtu akikosa aliambiwa “tutakupigia”, akaenda nyumbani na matumaini yake, na habari ikaishia hapo. Baada ya miaka mitano alikabidhiwa kusimamia usaili wote, na siku ya kwanza alipiga marufuku neno hilo. Aliyekosa ataambiwa siku ileile, uso kwa uso, na yeye mwenyewe.

Mnalijua benchi lililo chini ya ngazi. Mama Hapana hukaa upande wa ukutani, aliyekosa akamwachia upande wa mlango, ili akitaka kuondoka asilazimike kumpita mtu. Kisha husema, “Hapana, mwanangu. Si kwa nafasi hii.” Baada ya hapo hunyamaza, wala hainuki mpaka mwenzake ainuke kwanza. Wapo waliolia, wapo waliomtukana mpaka ukoo wake, na yupo bwana mmoja aliyefungua chakula chake cha mchana palepale, akakila chote bila haraka, akashukuru, akaenda zake. Fundi seremala wetu aliambiwa hapana mara tisa. Mara ya kumi Mama Hapana alimwuliza mikono yake inajua kazi gani nyingine, na wiki iliyofuata akawa anabadilisha ubao wa benchi hilohilo. Husema ndiyo nafasi pekee aliyowahi kushinda hapa.

Mpwa wa mwenyekiti wa zamani naye alipata hapana yake kwa zamu, katikati ya dereva na mwanafunzi. Ilifuata barua ya onyo. Mama Hapana aliikunja mara nne akaibana kwenye dirisha lililokuwa likigonga, na dirisha halijagonga tena mpaka leo.

Wengi walimwona mkatili. Mwongozaji mmoja alimwambia waziwazi kwamba hana moyo, angalau awaache watu walale na ndoto zao usiku mmoja. Alimjibu kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Nilidhani ni methali tu, na methali anazo nyingi.

Sasa nafika mahali ambapo uongozi ungependa nifunike kombe mwanaharamu apite. Nimemwuliza mwenyewe, akasema, “Andika, ila usipambe.” Dada yake naye ameruhusu. Basi naandika.

Mwaka jana studio iliamua kuitengeneza upya ile filamu yake ya nyimbo iliyopendwa kuliko zote, ya binti mkata tiketi wa stesheni anayewauzia watu safari huku yeye hajawahi kupanda treni. Wazee wetu waliiona ikiwa mpya, sisi tuliiona kwenye televisheni, na hakuna kati yetu asiyeujua wimbo wa dirishani. Tangazo lilipobandikwa tulishangilia. Mpiga kinanda wetu aliupiga wimbo huo kutwa nzima mpaka kantini wakalalamika. Mama Hapana alilisoma tangazo, akaingia ndani, akaanza kuchonga penseli. Siku hiyo alichonga penseli zote tulizokuwa nazo.

Nilichokuwa sikijui ni hiki. Filamu ya kwanza ilipotafutiwa waigizaji, miaka arobaini na sita iliyopita, dada yake mkubwa alikuja kuimba. Alikuwa na miaka ishirini, na nambari yake ilikuwa ishirini na sita. Walimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa la kawaida, wakampa kikaratasi chenye mhuri wa studio, wakamwambia tutakupigia uje usaili wa pili. Nyumbani kwao hapakuwa na simu. Aliandikisha nambari ya duka la fundi cherehani wa mtaani, na kesho yake akaenda kukaa kwenye benchi la fundi huyo kuisubiri.

Alikaa wiki, akakaa mwezi. Chuo cha ualimu kilimwita, akasema kwanza asikie hawa wanasemaje. Mchumba alikuja na wazee wake, akaambiwa asubiri, akasubiri, akachoka. Mwaka wa pili fundi alimpa sindano ili asikae bure, na hivyo ndivyo alivyokuwa mshonaji. Filamu ilitoka, ikaonyeshwa, ikazeeka, na aliyecheza yule binti wa dirishani alikuwa mtu mwingine. Hata hivyo hakuwa ameambiwa hapana. Fundi alipofariki, alihamishia laini ile ya simu nyumbani, kwa nambari ileile. Na kila asubuhi aliimba jikoni, kuanzia sauti ya chini kwenda juu, ili siku akiitwa asikutwe amepoa.

Mdogo wake alikuwa na miaka kumi na minne mambo haya yalipoanza. Aliajiriwa hapa, aliniambia, kwa ajili ya kadi moja tu. Mwaka wake wa tatu mtunza masjala alimfungulia sanduku la zamani, akaipata: nambari ishirini na sita, jina, umri, simu ya duka la fundi. Mstari wa chini ulikuwa mtupu. Hapakuwa na hapana wala ndiyo, hata kwa penseli. Miaka yote ile dada yake alikuwa anasubiri uamuzi ambao hakuna mtu aliyewahi kuutoa, na yeye naye hakuthubutu kuuandika.

Usaili wa filamu mpya ulichukua siku tatu, na waliokuja walikuwa mia moja na arobaini. Siku ya pili, baada ya mapumziko ya mchana, aliingia mama mwenye nywele nyeupe, gauni limekaa vizuri kama lililoshonwa na anayejua kazi yake. Mwongozaji, kijana mwenye adabu, alimwuliza kama amekuja kwa nafasi ya bibi wa stesheni. Mama yule alifungua mkoba, akaweka kikaratasi mezani.

“Nimekuja kwa usaili wa pili,” alisema. “Wa kwanza nilishafanya.”

Mwongozaji alikisoma, akatazama mhuri, akamtazama mpiga kinanda. Akamwambia aimbe.

Aliimba wimbo wa dirishani, wimbo wa binti wa miaka kumi na minane. Mimi ndiye niliyekuwa na vipokea sauti masikioni, kwa hiyo nitawaambia nilichosikia. Huku chini sauti ilikuwa nzuri mno. Kule juu ilipasuka. Alisimama, akamwomba radhi mpiga kinanda, akaanza tena kutoka mwanzo, na mara hii akafika kule juu, kwa shida, akapashikilia mpaka pumzi ikaisha. Msaidizi wa mwongozaji alijificha nyuma ya fomu akicheka. Niliona mabega yake kwenye kamera, na mpaka leo sijamsamehe.

Tukamgeukia Mama Hapana, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Alikuwa anatazama kikaratasi. Alikuwa ametoa hapana sitini na kitu tangu jana asubuhi, na hakuna hata moja iliyomkwama. Aliweka kalamu chini, akasema, “Asante, mama. Tutakupigia.”

Sikuamini masikio yangu. Jioni niliwaona wakitoka getini pamoja, yeye amembebea yule mama mkoba, na mlinzi akaniuliza kama sijui kwamba hao ni ndugu wa tumbo moja na wanaishi nyumba moja.

Zilifuata siku kumi na moja ambazo sitazisahau. Kila asubuhi alifika kazini kwa wakati, akaandika, akajibu watu, akakaa benchini na wanaolia. Kila jioni alirudi kwenye nyumba ambamo dada yake alikuwa amesogeza kiti karibu na simu. Dada hakuuliza neno. Alimpakulia chakula, akamwuliza habari za kazi, akarudi kwenye kiti chake. Mama Hapana alikonda mbele ya macho yetu. Siku ya tisa nilijitia ushujaa nikamwambia amwambie tu, wapo wawili mezani, yatakwisha.

“Nikimwambia jikoni,” alinijibu, “atakuwa ameambiwa na mdogo wake. Yule hakuahidiwa na mdogo wake. Aliahidiwa na studio.”

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, alifunga mlango wa ofisi. Alituomba mimi na mpiga kinanda tubaki, nadhani ili asiweze kurudi nyuma. Alitoa ile kadi ya masjala, akaiweka mbele yake, akapiga nambari iliyoandikwa juu yake. Simu yetu ile ya mezani ni ya zamani na sauti yake husikika hadi mlangoni. Ililia mara moja tu, ikapokelewa.

“Habari za asubuhi. Tunapiga kutoka studio,” alisema, kwa sauti yake ya kazi. “Naongea na nambari ishirini na sita?”

“Ndiyo. Ni mimi.”

“Tumekusikiliza usaili wa kwanza na wa pili. Umeimba vizuri, mara zote mbili. Jibu letu ni hapana. Si kwa nafasi hii.” Akaitazama kadi. “Tunaomba radhi kwa kuchelewa kukupigia.”

Alisubiri, kama anavyosubiri benchini, mpaka mwenzake ainuke kwanza.

“Asanteni kwa kupiga,” dada yake alisema. Kisha simu ikakatwa.

Mama Hapana alichukua kalamu, akaandika kwenye ule mstari mtupu: Hapana. Amepigiwa. Akatia tarehe na sahihi. Mpiga kinanda alitoka nje. Mimi nilibaki.

Jioni ile alipofika nyumbani chakula kilikuwa tayari, na kiti kimerudishwa mahali pake. Dada yake alimpokea mkoba mlangoni.

“Studio wamepiga leo,” alimwambia.

“Wamesemaje, dada?”

“Wamesema hapana.”

Wakakaa, wakala. Kesho yake asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu awe na miaka kumi na minne, Mama Hapana aliamka katika nyumba isiyo na wimbo. Alidhani dada yake anaumwa. Alimkuta jikoni mzima, anaosha vikombe, midomo imefungwa. Imepita miezi saba na hajaimba. Simu ikilia siku hizi huiacha ilie, na laini yenyewe ameomba ikatwe.

Mama Hapana aliniuliza juzi, tukifungasha mafaili, kama nadhani alimfungua dada yake au alimwua. Miaka thelathini na sita aliamini kwamba mtu akijibiwa hupona. Sikuwa na jibu, nikamwambia sina, na yeye ndiye aliyenifundisha kwamba hilo nalo ni jibu.

Filamu mpya itaonyeshwa mwezi ujao. Binti mkata tiketi ni muuguzi kijana aliyetoka kwenye foleni ileile, na anastahili. Waliokosa, mia moja na zaidi, wote walijibiwa, na kadi zote zina neno kwenye mstari wa mwisho. Ukiondoa yeye mwenyewe, mtunza masjala, mpiga kinanda na mimi, hakuna aliyejua kwamba na ile ya zamani sasa inalo. Nadhani hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizotufanyia, na hakuna cheti cha kumpa kwa ajili yake.

Mama Hapana, kwa niaba ya wenzako wote, pamoja na tuliopitia benchini kwanza, nikiwemo mimi niliyekuja hapa kuimba nikaishia kushika kamera, tunakushukuru kwa kutotudanganya. Nenda ukapumzike. Hatukutakii safari wala bustani, maana tunajua unakwenda kukaa katika nyumba ile, na dada yako, na ukimya ule. Tunakutakia asubuhi moja tu. Uwe bado kitandani, hujui saa ngapi, usikie mtu jikoni anaanza kwa sauti ya chini, bila kumwimbia yeyote.