Skrini ya Vitus na Picha ya Jeneza

Jamani waombolezaji, mimi shangazi yake marehemu nasema, kwanza kila mmoja aape kimoyomoyo mbele ya huyu aliyelala hapa kwamba maneno haya yanaishia hapa uani, yasifike sokoni Mafinga, haya, mmeapa, na wewe wa nyuma umeonekana, sasa sikilizeni.

Marehemu Vitus Kalinga kazaliwa hapa Igowole tarehe 14 Machi 1981, msingi kasoma hapa hapa, sekondari kamaliza Iringa mjini mwaka 2000, akaenda Mbeya kuwa fundi kompyuta Mwanjelwa, na tarehe 6 Juni 2009 akamuoa Eveline wa Madibira, wakapata Prisca na Tadeo.

Mwaka 2022 sukari ikaanza kumla macho. Skrini yake ya flati aliitoa kwenye mashine iliyokufa, haijitambulishi kwa kompyuta, kwa hiyo kwenye hiyo Linux yake, programu inayoiendesha kompyuta, ilibidi aandike mwenyewe namba za muda, kila mstari wa picha uchorwe kwa muda gani, upumzike kidogo, ndipo ufuate mwingine, akikosea picha inahama au inakuwa nyeusi tii. Yeye haoni vizuri, basi Eveline ndiye anamwambia, "Baba Prisca, imekimbilia kulia," anaandika tena, "hee, sasa inatetemeka kama kuku wa mvua!" wanacheka mpaka majirani wanasikia.

Akafariki hospitalini Mbeya, Jumanne tarehe 9 Septemba 2025. Mdogo wake Anord akaileta kompyuta hapa tupate picha ya jeneza, kuwasha, giza. Ukoo mzima macho kwa Eveline, kaifunga kwa neno la siri huyu, anaficha mali, mbona hata kulia halii kwa sauti? Wakamtoa kwenye mkeka wa wafiwa, eti tukishazika arudi kwao Madibira, watoto wabaki. Eveline akaipapasa ile skrini mgongoni, akasema, "Shemeji, hii siyo yake, zile namba haziikubali, ya kwake iko wapi?" Anord akatazama juu kama anakagua mabati.

Jana ya kwake ikatoka chumbani kwa Anord, imefungwa kitenge, kaitenga ya kuangalizia mpira, akaazima nyingine shuleni akidhani skrini ni skrini. Kuchomeka tu, picha ikatulia tuli, na huyo mnayemwona anacheka juu ya jeneza katoka humo.

Tunawashukuru madaktari na manesi, majirani mliopika, mafundi wenzake wa Mwanjelwa. Eveline mama, rudi mkekani, udongo wa kwanza ni wako. Vitus mwanetu, lala, macho yapumzike.

Na mkiuliza nani kaniambia mimi shangazi habari ya kitenge, ni Anord mwenyewe, pombe ya ulanzi ilipomkolea, huyo hapo anajificha nyuma ya mwinjilisti.