Marehemu Mama Marthe Sikujua na Kikapu cha Mbinzo

Mama Marthe Sikujua, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 9 Mei 1936 huko Ubundu, binti wa Papa Augustin, mpakiaji mizigo wa reli, na Mama Simone. Tangu utotoni alikuwa na tabia ya kufunua vyungu vya watu. Akipita kwa jirani, kifuniko juu, pua ndani, na mama yake alibaki kuomba radhi mtaa mzima.

Alisoma kwa masista hapa mjini, akamaliza mwaka 1955 na Kifaransa cha kutosha kuwakera dada zake. Darasani alifundishwa kwamba mtoto wa mjini hunyweshwa maziwa ya unga, na kwamba mbinzo, wale viwavi wa msituni tunaowapenda sote, ni chakula cha washamba. Maskini, aliyaamini yote mawili.

Mwaka 1957 aliajiriwa na Wazungu kuwafundisha upishi akina mama wasio na uwezo na kuwagawia maziwa ya msaada. Uhuru ulipokuja wakubwa wake walirudi kwao Ulaya, yeye akabaki na funguo za ghala. Mwaka 1961 aliolewa na Papa Cyprien Lukumani, fundi cherehani, ambaye husema alimpenda siku alipothubutu kumwambia mama mkwe kwamba wali haujaiva.

Mwaka 1964 uasi ulifunga mto. Meli hazikupanda tena, na ghala likaanza kukauka. Jirani yake, Mama Georgette, alimjia na binti yake Nyota, wa miaka miwili, mgongoni.

"Mama Marthe, maziwa inaisha. Nifanye nini?"

"Bon, ongeza mayi kidogo. Bateau itafika."

Meli haikufika. Nyota alivimba miguu kwa utapiamlo, akafariki mwezi wa Oktoba. Matangani, Mama Marthe aliinua macho akaona juu ya meko kikapu cha mbinzo zilizokaushwa, kimejaa pomoni. Akauliza kwa nini mtoto hakupewa.

"Si ni weye ulikataza?" Georgette alimjibu, wala hakupaza sauti.

Majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu aliishi naye mpaka uzeeni. Alizunguka kutoka nyumba hadi nyumba, mpaka Simi-Simi pembezoni mwa mji, akiwafundisha akina mama kutwanga mbinzo na karanga na kuzitia kwenye uji, na kupika pondu, yaani majani ya muhogo, kwa samaki wa mto wetu wenyewe. Ukimsifu, aliondoka. Mbinzo aliwapikia watoto wa watu wote, lakini mdomoni mwake hazikuingia tena. "Hii ni chakula ya Nyota," alikuwa akisema.

Desemba 2000 figo zilianza kumsumbua. Uasi mwingine ulikuwa umefunga mto tena, na dawa zilikuwa za shida. Kufikia Februari akakataa kula. Ndipo Mama Georgette alipoingia na bakuli la uji wa mbinzo.

"Hapana, Georgette. Iko ya Nyota."

"Nyota ni mutoto yangu. Mimi ndiye ninakupea. Kula, dada."

Alikula huku akilia, mpaka akafuta bakuli kwa kidole. Alifariki asubuhi iliyofuata, tarehe 17 Februari 2001, nyumbani kwake.

Ameacha mume, Papa Cyprien, watoto, Hubert, Micheline na Timothée, wajukuu, na dada yake Georgette, ambaye familia imeomba aandikwe hapa kama ndugu wa damu.

Apumzike kwa amani Mama yetu. Ameondoka ameshiba.