Dirisha la Mama Léocadie wa Kilibula

Wasikilizaji wapendwa, Jumanne tumemzika Mama Léocadie, hapa Kilibula. Wengi munaijua nyumba yake, ile yenye dirisha kubwa lililopinda, lisilofungwa hata mvua ikinyesha. Leo nawapa habari ya dirisha hilo.

Mwaka ni 1964, miaka minne baada ya uhuru. Vita imewaka katika bonde la Ruzizi. Watu wa Sange na Kiringye wanakimbilia huku kwetu Uvira. Mama Léocadie ni mjane, ana vyumba viwili vya udongo. Anapokea mmoja, anapokea wa pili, mpaka wanafika ishirini na saba. Nasema tena: watu ishirini na saba, vyumba viwili, dirisha moja.

Na dirisha hilo limezibwa kwa udongo. Amelikandika shemeji yake, Thaddée, aliyekimbia Sange. Wenye bunduki wanapita barabarani mchana kutwa, wanatafuta wanaume. Mtoto akikohoa, watasikia.

Basi surua ikaingia. Watu wanalala mguu wa huyu kifuani mwa yule, surua itamuacha nani? Jumatatu akafa mtoto. Jumatano akafa wa pili. Ijumaa Sabine, binti wa Thaddée, miaka minne, akaanza kuvuta pumzi kwa shida. Infirmier, muuguzi wa hapa, alikuwa amesema: wagonjwa wakae mbali na wazima, na hewa ipite. Mbali wapi? Hata sufuria haikuwa na pa kukaa.

Saa sita mchana Mama Léocadie akachukua jembe.

Thaddée akamshika. "Weye, unataka batusikie?"

"Bakisikia, labda batatuua," akajibu. "Humu ndani tuko tunakufa tu. Acha mukono yangu."

Akamuacha. Mama akapiga jembe, udongo ukaanguka, hewa ikaingia. Wagonjwa wakalazwa chini ya dirisha.

Na walisikia, wasikilizaji. Walikuja watatu. Thaddée hakungoja waingie kwa watoto. Alitoka mwenyewe, mikono juu. Mpaka leo hajarudi.

Alikufa mtoto mmoja tena. Sabine akapona.

Jana nilikaa na Sabine, leo ni bibi mwenye wajukuu. Aliniambia: "Kila mwaka Mama Léocadie alikuwa ananiomba musamaha juu ya baba. Analia. Minye namujibu: mama, sikiliza, niko napumua."

Mama Sabine, na jamaa yote, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Na sisi je? Vita ile iliisha, lakini vyumba tunaendelea kuvijaza, na kikohozi tunasingizia vumbi. Inaniudhi, na mimi ni wa kwanza kufanya hivyo. Napanga chumba kisicho na dirisha, tunalala saba, na mtoto wangu wa mwisho anakohoa tangu mwezi uliopita. Mukifika nyumbani, hesabuni vichwa, halafu mutazame hewa inapitia wapi.

Mwenye nyumba yangu akasirike akitaka. Kesho asubuhi naenda kwa Mama Sabine kuazima jembe.