Koti la Muzee Tulia

Ndugu wote mliothubutu kutoka nyumbani leo, Jumanne tarehe 29 Aprili 2003, wakati kila mtu mjini anasikiliza magari ya askari wa kigeni yakijiandaa kuondoka na kutuacha bila ulinzi, familia inawashukuru, na inawaomba mtege masikio mpaka mwisho, maana historia ya mpendwa wetu ina neno linalowahusu ninyi mlio hai.

Mwalimu Médard Unega alizaliwa tarehe 14 Juni 1961 huko Mahagi-Port, mtoto wa tatu wa baba mvuvi na mama mkulima, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma primaire kwenye misheni ya kwao na sekondari hapa Bunia, akapata diplome d'Etat ya kumaliza sekondari mwaka 1981, na tangu Septemba ya mwaka ule hadi ugonjwa ulipomlaza alifundisha watoto wa mtaa wa Nyakasanza kusoma na kuandika, kwa sauti ambayo majirani wa shule walisema imewasomesha na wao bila kuandikishwa.

Tarehe 13 Agosti 1988 alifunga ndoa kanisani na mama Noëlla, Mungu akawajalia watoto wanne, Annette, Mathieu, Lydie na Bijou, na kama alikuwa na kasoro nyumbani, ni kuigiza hata mezani, akiwasimulia waliogombana sokoni mpaka bugali unapoa.

Kipaji hicho ndicho kilichompeleka, mwaka 1998, kwenye kundi la teatre ambalo michezo yake ilionyeshwa kila Jumapili jioni na televisheni ndogo ya hapa mjini, na kwa miaka mitatu alipewa nafasi za walevi na wadeni, kwa sababu Muzee Tulia, yule mzee wa koti jeusi anayeamua ugomvi wa majirani wa kila kabila, ilikuwa nafasi ya rafiki yake Vital.

Mwezi wa Novemba 2001 Vital aliondoka kwenda kumwona mama yake Bogoro, hakufika, hakurudi, wala mwili wake haukuonekana. Didier, kiongozi wa kundi, aliogopa kwamba mji ukisikia Muzee Tulia ameuawa, watu watauliza ni nani aliyemuua, na jibu litaleta maiti nyingine, kwa hiyo katika mchezo walisema mzee amesafiri Irumu kwa mambo ya ukoo, wakaonyesha kiti chake kitupu Jumapili tatu, na Jumapili ya nne Médard akatokea ndani ya koti la Vital, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, sauti ileile, na mji ukashangilia kwamba mzee amerudi.

Hapo alikosea, na mwenyewe hakuwahi kukana. Kwetu nguo ya marehemu haivaliwi kabla matanga hayajaondolewa, na matanga ya Vital yalikuwa hayajawekwa hata siku moja, lakini alijiambia kwamba ni mchezo tu, mpaka mama Hortense, mama mzazi wa Vital, alipokuja kwa miguu kutoka Bogoro, kwa kuwa watu walimwambia mwanawe ameonekana kwenye televisheni, ametoka safari. Alisimama mlangoni pa Médard, akaliona koti limetundikwa ukutani, akauliza, "Koti ya mutoto wangu iko hapa, yeye iko wapi?" Médard alipiga magoti akamwambia ukweli wote, na matanga yakawekwa uani pake, bila mwili. Tangu siku ile alimwambia mkewe mara kwa mara maneno yaleyale hadi mama Noëlla akachoka kuyasikia: "Siku nitakufa, musiseme nimesafiri."

Mwezi wa pili mwaka huu watu wenye silaha, ambao hatuwataji kwa sababu tunataka kurudi nyumbani salama, waliingia kwenye mazoezi, wakataka Muzee Tulia awaambie watu wa mitaa yetu wasikimbie, wabaki manyumbani, hakuna litakalotokea. Médard alijibu kwamba Muzee Tulia anaamua mambo ya kuku na mipaka ya shamba, mambo ya bunduki hayajui, nao wakacheka, wakaondoka, lakini mmoja wao alilishikashika lile koti akauliza linamtosha nani mwingine.

Homa ya matumbo ilimshika mwanzoni mwa Aprili, dawa zilikuwa zimekwama barabarani, na alifariki hospitalini Jumapili tarehe 27, saa nne asubuhi. Jioni ile, tukiwa tumemlaza sebuleni, tulisikia sauti yake nyumba ya pili, kwani televisheni ilikuwa inarudia kaseti ya zamani, ule mchezo wa moto wa jikoni, ambamo Muzee Tulia anawaambia majirani waliotaka kukimbia, "Mufungue mizigo, bandugu, mubaki kwenu, hakuna kitu." Tuliogopa, tunasema wazi. Watu walitoka barabarani wakisema mzee ni mzima, wamemwona, na jirani yetu mmoja, aliyekwisha kufunga vyombo vyake ili aondoke na watoto, alivirudisha ndani.

Jana Didier alikuja analia, akasema ameamriwa na watu walewale wenye silaha kutangaza kwamba Muzee Tulia amesafiri, na Jumapili atarudi, mtu wa kuvaa koti amekwisha kupatikana. Mama Noëlla alilishusha koti ukutani akamvisha mume wake, juu ya suti ya harusi, na mama Hortense ndiye aliyefunga vifungo. Mumeliona wenyewe ndani ya sanduku.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi ambao hawakukimbia, majirani mliokesha nasi, walimu wenzake, mama Hortense, na Didier pia, ambaye tunajua anatoka hapa kwenda kutangaza alichoamriwa.

Basi Jumapili, saa ya mchezo, mukiona koti jeusi lingine na kofia iliyoshushwa, na sauti inawaambia mubaki kwenu, mujue kwamba Muzee Tulia hakusafiri, mumemzika leo kwa mikono yenu, na yule jirani yetu, ambaye ninamwona pale nyuma, afunge tena vyombo vyake leo hii.

Pumzika kwa amani, mwalimu, wewe na Vital, tumesema ulivyotaka tuseme.