Mashine Iliyosikiliza Migebuka

Kijiwe cha wavuvi wa Katonga, ufukweni mwa ziwa, kilikuwa mtumbwi mbovu uliopinduliwa kando ya jiko la kahawa la Hamdani. Asubuhi moja, mwaka ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa, Kalisti alikaa hapo hana raha. Wiki nzima alikuwa kibarua kwenye boti ya mtaalamu aliyeleta mashine ya kupima wingi wa samaki kwa sauti. Jibu lilishatoka: samaki ni haba. Jioni, mkutano ungeamua kama wavuvi wahamishiwe kijiji cha Simbo wakalime.

— Haya, Redio, tangaza! alisema Mzee Gervasi, mshona nyavu, akimtania Kalisti. Mashine imewakosaje?

— Inapiga sauti majini, Mzee. Samaki ana kibofu cha hewa tumboni. Sauti ikigonga ile hewa, inarudi. Mtaalamu anasema baharini wapo jodari wasio na kibofu kabisa. Wanapita hapo chini, mashine inawasikia kwa shida.

— Migebuka, samaki wetu wa ziwani, wanacho, alidakia Hamdani. Ila wana akili. Debe tupu haliachi kuvuma, wao wamenyamaza!

— Wapi! alipinga Gervasi. Wameisikia hiyo sauti, wakavukia Kongo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Samaki ana guu, Mzee?

— Hana! Ndiyo maana hasikii!

— Basi wamebeua hewa yote, wakalala chini kama mawe.

Kalisti hakucheka. Jina la mama yake lilikuwa kwenye orodha ya kuhama, na kamba ya mashine ile aliishika yeye mwenyewe.

Hapo akafika Bibiana, mpasua samaki, kisu mkononi.

— Shikamoo, Mzee.

— Marahaba, mwanangu.

— Kaka Kalisti, nimesikia habari ya kibofu. Tazama.

Akapasua mgebuka mbele yao. Mayai yalimwagika, na kibofu kilikuwa kimebanwa nayo mgongoni, chembamba kama utambi.

— Mwezi huu wote wako hivi. Sasa hiyo mashine ingewasikiaje?

Kalisti akamfunika samaki kwa jani la mgomba, akasema, "Twende kwa mtaalamu, dada, kabla ya mkutano."

Mtaalamu walimkuta anafunga mizigo. Aliinama juu ya yule samaki muda mrefu, akakigusa kibofu kwa ncha ya kalamu. Halafu akaacha mizigo, akavuta kiti, akampa Bibiana.

"Mama, huwa wanaanza kujaa mayai mwezi gani? Niambie polepole, niandike."