Mzee Henry Onsongo, Aliyepigana Vita kwa Jina la Mtu Mwingine

Wapendwa mliofika ukumbini hapa Al Sadd, na ninyi wa nyumbani mtakaoishika karatasi hii kaburini Jumamosi, yaliyomo humu hamtayaamini. Hata mimi, Maurice, mtoto wa mdogo wake, niliyeendesha magari ya Doha miaka ishirini na miwili bila kukwaruza hata kioo cha pembeni, nisingeyaamini kama nisingeliona kopo kwa macho yangu. Kopo lenyewe tutalifikia. Ndugu Cyrus, wewe uliyeketi safu ya pili ukiinamia simu, itie mfukoni. Leo unasomewa.

Marehemu Mzee Henry Onsongo alizaliwa tarehe 3 Agosti 1924, upande wa Nyamira, kwa mujibu wa kadi ya ubatizo ambayo panya walikula pembe lakini wakaheshimu tarehe. Baba yake alibebeshwa mizigo ya Waingereza katika vita vya kwanza, akarudi na kifua kibovu, akafariki Henry akiwa na miaka tisa. Walibaki watoto wawili na mama yao, kwenye kipande cha shamba kilichopakana na la mzee Machuki, kiongozi wa kijiji aliyewekwa na serikali ya kikoloni. Likumbukeni jina hilo. Mimi nimelikumbuka miaka hamsini na tisa, na nina miaka hamsini na minane.

Alianza shule ya misheni mwaka 1934 na kuishia darasa la nne. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba mwalimu alimwandikisha barua zake. Tatizo lilikuwa moja: akipata msumari, alichora H.O. juu ya kila kitu. Alichora kwenye dawati, kwenye kibuyu cha mama yake, kwenye mlango wa choo cha mwalimu. Alichapwa viboko sita kwa ajili ya mlango huo, na alipoulizwa kwa nini anafanya hivyo, alijibu, "Ili kesho mtu asiseme ni chake." Mwalimu alimwongeza viwili. Laiti angalijua.

Sasa vita. Marehemu alikuwa na maelezo yake kuhusu chanzo cha vita vile, nami niliyeishia darasa la saba niliyaelewa kuliko profesa yeyote. Alisema vita vile vilikuwa kinyongo kilichopewa bunduki. Mjerumani alishindwa mwaka 1918, akawekewa karatasi akaitia sahihi, akanyang'anywa makoloni, Tanganyika ikiwemo, na kubebeshwa lawama yote. Alikaa na uchungu ule miaka ishirini, akaukuza, akampa uongozi mtu aliyemwambia kwamba uchungu ni kazi nzuri. Mwitaliano naye alivamia Ethiopia mwaka 1935, na wakubwa wa dunia wakatazama pembeni. Mjapani alikuwa ndani ya China, wakatazama pembeni tena. Septemba 1939 Mjerumani aliingia Poland, na sasa shingo za wakubwa zikawa zimechoka kugeuka. Mfaransa alianguka mwaka 1940. Mwaka uliofuata Mjerumani alimgeukia Mrusi, akaganda kwenye theluji, na Mjapani akazipiga meli za Mmarekani kule Hawaii. Mwaka 1942 Singapore ilikwenda, Burma ikaenda, na Mwingereza akaanza kuhesabu vijana aliobaki nao. "Hapo," marehemu alikuwa akisema, "ndipo hesabu yake ikafika Nyamira."

Februari 1943 lori lilikuja kuchukua vijana ishirini. Mkuu wa wilaya alitaka mtoto wa Machuki awe wa kwanza, ili wengine waone mfano. Machuki aliandika kwa mkono wake mwenyewe: Augustine Machuki. Kisha Augustine akaingizwa kwenye ghala la mtama, na Henry, wa miaka kumi na minane, akaitwa uani.

"Kuanzia leo wewe ni Augustine," Machuki alimwambia.

"Mzee, mimi ni Henry."

"Henry ana mama mjane, na mama huyo ana shamba kwenye mpaka wangu. Sasa niambie tena. Wewe ni nani?"

Marehemu alipanda lori. Ndivyo alivyokwenda kupigana vita vya dunia nzima kwa jina la kijana aliyekuwa amejificha ndani ya mtama. Namba yake ilikuwa N 18263. Alifunzwa Nairobi, akapandishwa meli Mombasa, akashushwa Colombo, na katikati ya mwaka 1944 akaingia Burma pamoja na maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki. Walitembea bonde la Kabaw wakati wa masika. Tope liliwavua watu viatu na malaria ikawavua akili. Jina la Augustine liliitwa asubuhi na jioni, naye akaitika. Lakini chini ya kopo lake la kulia, mahali sajini hakufikiria kuangalia, alichora kwa ncha ya bayoneti: H.O.

Mei 1945 Mjerumani alisalimu amri. Agosti Mmarekani aliangusha yale mabomu mawili, miji miwili ikateketea na watu wake, na Mjapani naye akakoma. Marehemu alirudi nyumbani Machi 1946 akiwa na cheti, medali na kopo. Machuki alimngoja barazani mbele ya kijiji kizima.

"Asante kwa kuniletea vitu vya mwanangu," alisema, akanyoosha mkono.

Marehemu alimtazama mama yake. Mama alitazama shamba. Alivitoa vyote, kimoja kimoja, na kopo juu. Jumapili iliyofuata Augustine alikwenda kanisani na medali kifuani, na watu, kwa kumwogopa baba yake, wakampisha njia. Mimi sikuwepo, lakini nimekasirika kama niliyekuwepo.

Kuanzia mwaka 1947 hadi 1984 marehemu alikuwa fundi wa mawe. Nusu ya nyumba za mawe mnazoziona upande wetu ni mkono wake. Mimi husema zote, lakini Kwamboka, mjukuu wake, ameniambia niandike nusu. Mwaka 1971 familia ya Machuki ilitaka jiwe la kumbukumbu kando ya barabara ya sokoni, lenye maneno "Augustine Machuki, Shujaa wa Burma". Fundi aliyeitwa alikuwa nani? Marehemu alikubali kazi. Alichonga vizuri, herufi zimenyooka kama askari. Ila msingi wake aliujenga upande mmoja kwa mawe na upande wa pili kwa udongo mtupu. Mvua ya kwanza jiwe liliinama kidogo. Likainuliwa, likainama tena. Hadi leo linaegemea kama mlevi aliyesikia jina lake likiitwa. Kila Jumapili marehemu alipita pale akitoka kanisani, akavua kofia, akalitazama na kusema, "Bado hujasimama?"

Alimwoa Jerusha tarehe 10 Desemba 1949, na waliishi pamoja hadi Mungu alipomchukua Jerusha mwaka 1998. Kwa miaka mingi Jerusha pekee ndiye aliyeambiwa siri ile, na aliitumia vizuri. Siku ya amani alimwita "Baba Virginia". Akikasirika alisimama mlangoni na kuita, "Augustine! Chakula chako kiko jikoni, kajipakulie." Watoto walikua wakidhani nyumba ina mgeni asiyeonekana. Marehemu alisimulia kwamba risasi za Wajapani hazikumkera kama jina hilo likitoka kinywani mwa mkewe.

Tarehe 4 Septemba mwaka huu, akiwa na miaka mia moja na mmoja na mapafu yaliyochoka, alikuja Doha kukaa na Kwamboka, ambaye ni muuguzi. Mimi ndiye niliyempokea uwanja wa ndege. Aliyatazama majengo yote kutoka pale hadi Al Sadd, akauliza swali moja tu: "Fundi wao anaitwa nani?" Nikamwambia ni maelfu, hawajulikani majina.

Ijumaa tarehe 24 Oktoba Wakenya tulikusanyika shambani Umm Salal kuadhimisha Siku ya Mashujaa. Ndugu Cyrus huyu hapa, msimamizi wa walinzi kule Lusail, alishika kipaza sauti. "Mimi ni damu ya shujaa!" alisema. "Babu yangu, Augustine Machuki, aliwafyeka Wajapani Burma!" Watu walipiga makofi. Marehemu alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu na mfupa wa mbuzi mkononi. Aliuweka chini, akaniambia nimsukume hadi mbele.

"Kijana, babu yako alikuwa namba ngapi?"

Cyrus alicheka, akafungua picha ya cheti kwenye simu. "Shikamoo, mzee. Tunacho kila kitu. N, moja, nane..."

"Mbili, sita, tatu," marehemu alimalizia.

"Umeiona wapi?"

"Shingoni mwangu. Ilining'inia hapo miaka mitatu."

Cyrus alinigeukia. "Anko Maurice, mpe mzee wako maji. Watu wa umri huo huchanganya mambo."

Nilikunja mikono ya shati. Naapa ningemnyanyua kwa kola. Marehemu alinivuta nyuma, akaendelea kwa sauti ile ile ya chini. "Kwenu kuna kopo la bati lenye mpini wa kukunja. Mnaweka nini?"

"Sukari. Lakini hilo..."

"Mpigie simu aliye nyumbani. Aligeuze."

Shangazi yake Cyrus alionekana kwenye simu, Nyamira, mikono ina unga. Aliimwaga sukari kwenye sahani, akalipindua kopo, akakwangua masizi kwa kisu. Tulikuwa zaidi ya watu sitini tumekizunguka kioo kile, na hata aliyekuwa akigeuza nyama aliacha iungue. Zikatokea herufi mbili: H.O.

"Hii?" shangazi alisema. "Sisi siku zote tulidhani ni alama ya kiwanda."

Cyrus alikaa chini kwenye nyasi. Hapo ndipo nilipotaka marehemu ammalize, nami nilimnong'oneza maneno matatu mazuri sana ya kummalizia. Hakuyatumia. Alikuwa na yake, aliyoyaweka tangu mwaka 1946.

"Mzee, unataka nini?" Cyrus aliuliza. "Tuje tukuombe msamaha?"

"Kwa umri huu msamaha nitaupeleka wapi? Nataka bega lako. Baba wa babu yako alinibebesha jina la mwanawe. Wewe utanibeba mimi. Nikifa, unakwenda nami hadi Nyamira, na jeneza utalishika mbele, upande wa kulia. Medali ziwe juu yangu, si juu yako. Tukifika kwenye lile jiwe, msimame. Utataja jina langu kwa sauti, watu wa sokoni wasikie, halafu jiwe utaliangusha. Halitakusumbua. Nililitayarisha."

Siku ya tatu Cyrus alileta tiketi yake ya ndege, isiyo na tarehe, akamwekea marehemu mapajani. Kwa hiyo, wapendwa wa nyumbani, Jumamosi mtakapomwona kijana huyu amebeba mbele upande wa kulia, msimpokee jeneza. Hata akitoka jasho. Hasa akitoka jasho.

Mwishoni mwa Oktoba kifua cha marehemu kilibana. Alilazwa siku nne, akaomba kurudi nyumbani kwa Kwamboka. Alifariki Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, saa nne asubuhi, amekaa dirishani, kikombe cha chai mkononi. Kwamboka anasema neno lake la mwisho lilikuwa kuuliza kama medali zimefika. Zilikuwa zimefika nyumbani kwake Nyamira kutoka kwa akina Machuki siku iliyotangulia, na aliambiwa. Alikunywa chai yake.

Ameacha watoto watatu, Virginia, Ronny na Trevor. Wajukuu kumi na mmoja, akiwemo Kwamboka. Vitukuu tisa, mdogo wao akiwa Chelsea. Na mimi, mtoto wa mdogo wake, ambaye alinipenda kuliko wote, ingawa wengine watabisha. Alale salama, na alale kwa jina lake.

Sehemu moja nimeibakiza, ya mto Chindwin. Ijumaa tarehe 7 Novemba nilimsomea marehemu rasimu ya wasifu huu sebuleni ili auidhinishe, maana alisema amekwisha kuandikwa vibaya mara moja na inatosha. Alisikiliza amefumba macho. Nilidhani amelala, nikaona nafasi ya kuinogesha kidogo. Kwamboka alikuwa akirekodi, na ameamuru ichapwe ilivyotokea:

"Desemba 1944, ukingoni mwa Chindwin, marehemu aliachwa nyuma peke yake, risasi zimemwishia, kopo kiunoni na panga mkononi. Aliruka ndani ya handaki kama chui, akanguruma kwa Kigusii, na Wajapani arobaini, wote wenye afya tele, wakatupa bunduki zao chini, wakaanza kumpigia—"

"Sita, Maurice. Walikuwa sita, na wanne walikuwa wanaharisha. Ukiandika arobaini, hata kopo hawataliamini."